Maharage hayaivishwi na ukali wa moto

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo. Tangu hapo mazungumzo ya jikoni yamekuwa yakigota palepale: maharage. Mtu ana mtungi wa gesi, anachemshia chai, anapikia wali na mchicha, lakini siku ya maharage analitoa jiko la mkaa uani. Ukimuuliza sababu, atakwambia maharage yanamaliza gesi. Mwingine atakwambia yasiguswe na chumvi mpaka yaive, mwingine anaamini bila magadi hayaivi kabisa. Na kuna maneno yanayozunguka mitaani kwamba baadhi ya wauza chakula wanatumbukiza vidonge vya parasetamoli ili yalainike upesi.

Yote hayo yanazunguka swali moja: punje kavu inalainishwa na nini hasa? Ukishalijua hilo, utaamua mwenyewe ukiwa mbele ya sufuria, iwe unatumia mkaa, gesi, umeme au kuni.

Kwanza tuelewane maneno. Maharage, au maharagwe kama wanavyosema Kenya, hapa ni yale makavu ya kawaida: mekundu, ya mistari, meupe, na yale ya manjano ambayo Tanzania tunayaita soya njano. Soya njano si soya. Ni maharage kama mengine, rangi tu ndiyo ya manjano, na hayana uhusiano na ile soya ya kutengenezea maziwa na unga wa lishe. Kuloweka ni kuyatia majini kabla ya kuyapika. Kuiva ni kulainika mpaka katikati ya punje, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu wengi wanapima kuiva kwa ganda la nje. Kuunga ni hatua ya mwisho, ya vitunguu, nyanya, karoti na nazi. Kuiva na kuunga ni kazi mbili tofauti, na mtu akizichanganya kwenye sufuria moja kwa wakati mmoja, mara nyingi ndipo maharage yanapogoma.

Tofali na udongo

Chukulia punje ya haragwe ni nyumba ya matofali. Kila tofali ni seli iliyojaa wanga na protini. Udongo unaoshikanisha tofali na tofali ni kitu kinachoitwa pektini, jamii moja na ile inayofanya jemu igande. Punje ikiwa kavu, udongo huo umekauka ukakaza. Ili haragwe liive, mambo mawili lazima yatokee: maji yaingie ndani ya matofali ili wanga uvimbe, halafu udongo ulegee ili tofali ziachane bila kupasuka. Haragwe lililoiva vizuri linayeyuka mdomoni kama siagi kwa sababu tofali zake zimeachiana. Lililopikwa vibaya lina chembechembe kama mchanga katikati, au limepasuka nje na ndani bado ni gumu.

Maji huingia hata yakiwa ya baridi. Yanachotaka ni muda. Udongo ndio unaotaka joto. Joto hilo lina kikomo chake: maji yakishachemka kwenye sufuria ya kawaida hayapandi tena. Kwa mtu aliye Dar es Salaam au Mombasa, usawa wa bahari, yatagota kwenye nyuzi 100 za selsiasi, uweke moto wa kuyeyusha chuma au mwali mdogo unaotosha tu kuyafanya yatokote taratibu. Moto unaouongeza juu ya hapo hauingii kwenye haragwe. Unageuza maji kuwa mvuke, unakulazimisha kuongeza maji kila mara, na unayarusharusha maharage mpaka maganda yanachanika kabla ndani hapajaiva.

Basi lawama ya kumaliza gesi iangaliwe hapo. Jiko kubwa la gesi likifunguliwa hadi mwisho hula takriban gramu 200 kwa saa. Maharage yasiyolowekwa yakichemka saa 3 kwa mwali huo, yamekula gramu 600, yaani sehemu ya kumi ya mtungi wa kilo 6. Maharage hayohayo yakilowekwa usiku, yakafunikwa, yakachemshwa kwa nguvu robo saa halafu mwali ukashushwa kabisa kwa saa moja, hayafiki theluthi ya kiasi hicho. Mtungi ni uleule, na haragwe ni lilelile.

Kuloweka, na namna ya kujua yamelowana

Nusu kilo ya maharage ni vikombe viwili na nusu vya robo lita. Yachambue kwanza kwenye ungo au sinia: mawe, mabonge ya udongo, punje zilizobunguliwa, zilizosinyaa na zenye ukungu, zote nje. Osha mara mbili. Weka kwenye chombo kikubwa na maji lita 2, kwa sababu yatanywa maji ya uzito unaokaribia uzito wake na kujaa karibu mara mbili. Saa 8 zinatosha, 12 ni nyingi. Kwenye joto la pwani usipitishe 12 bila kuyaweka kwenye friji, maana yataanza kutoa povu na harufu ya uchachu.

Angalia yanavyokunywa maji, kwa kuwa hapo utajifunza mengi. Maji hayapenyi kila mahali kwenye ganda. Yanaingia zaidi upande wa kitovu, pale penye alama ambapo punje ilishikana na ala yake, na pembeni ya alama hiyo kuna tundu dogo sana. Ndiyo maana baada ya saa moja au mbili utaona ganda limekunjamana kama kidole kilichokaa majini: ganda limelowa na kutanuka, ndani bado pakavu. Baadaye ndani panavimba na mikunjo inapotea. Chukua punje moja, ipasue kwa kisu katikati. Kama pande zote mbili ziko bapa na rangi ni moja hadi katikati, imelowana. Kama katikati kuna kishimo, au duara lenye rangi iliyofifia, bado.

Umesahau kuloweka? Yachemshe dakika 3, zima moto, funika, yaache saa moja. Hayatakuwa sawa kabisa na ya usiku kucha, lakini yanakaribia.

Maji ya kulowekea yamwagwe au yatumike? Wanaosema yana virutubisho hawakosei, kiasi fulani cha madini na rangi hutoka. Lakini pia hutoka sehemu ya zile sukari zinazojaza tumbo gesi. Matumbo yetu hayawezi kuzivunja sukari hizo, kwa hiyo zinashuka hadi kwenye utumbo mpana, bakteria wanazila, na wao ndio wanaotoa gesi. Kwa maoni yangu, mwaga. Unachopoteza ni kidogo, na atakayekula hatajuta usiku.

Chumvi haikazi maharage

Hii ndiyo imani iliyoshika mizizi kuliko zote, nayo si kweli. Turudi kwenye udongo wetu. Pektini haishikamani peke yake. Imepigiliwa misumari, na misumari hiyo ni madini ya kalsiamu na magnesiamu. Chumvi ya mezani ina sodiamu. Punje ikikaa kwenye maji ya chumvi, sodiamu inajipenyeza kwenye ganda na kuchukua nafasi ya baadhi ya misumari hiyo. Sodiamu haishiki kwa nguvu, kwa hiyo ganda linakuwa laini na linanyumbulika badala ya kupasuka.

Kwa vitendo: kwenye kila lita ya maji ya kulowekea weka kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kisichojaa, gramu 15 hivi. Asubuhi mwaga maji yote, suuza, pika kwa maji mapya. Hayatakuwa na chumvi nyingi. Wakati wa kuchemsha unaweza kuongeza kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo tangu mwanzo, na utaona yana ladha hadi ndani, si mchuzi tu wenye chumvi na punje iliyopooza.

Kwa nini basi mabibi wetu walikataza? Inawezekana kilichokuwa kinayakaza ni kitu kingine kilichoingia sufuriani pamoja na chumvi. Nyanya.

Nyanya ndiyo yenye kesi

Nyanya, ndimu, ukwaju, siki na maziwa mgando vyote vina asidi, na asidi huufanya ule udongo usilegee. Ukitia nyanya wakati maharage hayajaiva, umeyasimamisha hapo yalipofika. Unaweza kuchemsha saa mbili zaidi, mchuzi ukawa mzito na mwekundu wa kupendeza, na punje ikagoma kati ya meno. Yaive kabisa kwanza, ndipo nyanya.

Tabia hiyo ina faida yake vilevile. Kama maharage yako yameiva na yanaelekea kurojeka, nyanya zitayashika yabaki mazima. Wanaopika makande wanajua jambo hili kwa mikono, hata kama hawalisemi hivi: mahindi na maharage vinaiva kwanza, kuunga kunafuata.

Sukari nyingi nayo hupunguza kasi, ila kwetu ni wachache wanaoitia mapema. Mafuta hayazuii kuiva. Kijiko kimoja kwenye maji kinasaidia povu lisifurike na kuzima mwali.

Magadi, na kwa nini uyaogope kidogo

Magadi ni kinyume cha nyanya. Ni alkali, na alkali huuyeyusha ule udongo haraka. Ndiyo maana kipande kidogo kinaweza kukata muda wa kupika karibu nusu. Maji ya majivu yaliyochujwa, yanayotumika magharibi mwa Kenya na Uganda, yanafanya kazi kwa njia ileile, na baking soda pia.

Kuna gharama tatu. Kwanza, alkali pamoja na joto huharibu vitamini B1, ambayo maharage ni chanzo chake kizuri. Pili, ikizidi inaleta ladha ya sabuni, na maharage yanageuka uji ukiwa umegeuka kuchota maji. Ya tatu haizungumzwi inavyostahili: magadi ya kuchimbwa, hasa ya kaskazini mwa Tanzania, mara nyingi yamebeba floridi nyingi. Floridi ikizidi mwilini mwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka chini ya fizi, meno hayo huota na madoa ya kahawia, mengine yakimeguka. Nyumba yenye watoto, na maji ya kisima ambayo tayari yana floridi, isiongezee magadi kila siku.

Ukilazimika, tumia baking soda, ambayo haina tatizo hilo la floridi: robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, usizidishe. Iweke kwenye maji ya kulowekea badala ya maji ya kupikia, halafu umwage. Utapata sehemu kubwa ya faida, na madhara kidogo.

Parasetamoli ni habari nyingine kabisa. Ni dawa ya maumivu na homa. Si alkali, haina kazi yoyote kwenye pektini, na kuchemsha hakuitoi kwenye mchuzi. Anayekula hajui amemeza kiasi gani, na dawa hiyo ikizidi inaharibu ini. Ukimjua anayefanya hivyo, mwambie kwamba anawadhuru wateja wake bila hata kupata anachokitafuta. Kuloweka usiku kunamfanyia kazi yote kwa maji ya bomba.

Kuna pia wanaotia papai bichi. Papai linalainisha nyama kwa kuvunja protini, na nguvu hiyo hufa maji yakichemka. Udongo wa haragwe si protini. Okoa papai lako.

Yanapogoma pamoja na yote hayo

Umeloweka, umefunika, hukutia nyanya, na saa tatu zimepita. Kuna ugumu wa aina mbili, na kila mmoja una dawa yake.

Wa kwanza ni wa ganda. Baada ya usiku mzima majini utaona punje kadhaa zimebaki ndogo, zinang'aa, zimekaa chini kama changarawe huku wenzake wamevimba. Ganda lao limeziba, maji hayaingii. Hutokea maharage yakikaushwa kupita kiasi. Zitoe, au zimwagie maji ya moto uziloweke upya peke yake.

Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu haujionyeshi mapema. Punje inavimba vizuri, inaonekana nzuri, kisha inagoma jikoni. Haya ni maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu: ghala la bati, gunia lililolala sakafuni, duka lisilo na hewa. Ndani ya punje kuna kitu kinaitwa fitati ambacho kwa kawaida kimeyashikilia madini ya kalsiamu na magnesiamu. Joto na unyevu, miezi ikipita, huivunja fitati hiyo. Madini yanaachiwa, yanakwenda kwenye pektini, na yanakuwa misumari mipya. Udongo unageuka saruji. Moto wa kawaida hauuwezi.

Ndiyo sababu maharage ya msimu huu na ya mwaka juzi, ya aina moja, kutoka shamba moja, yanaweza kupishana kwa zaidi ya saa nzima jikoni. Anayenunua sokoni aangalie rangi: soya njano ya siku nyingi huelekea kahawia, na yale ya mistari, ile sehemu yake ya krimu huingia weusi-weusi kama chai. Muuzaji akikuambia ni mapya lakini rangi imefifia na vumbi la wadudu limejaa chini ya gunia, nunua robo ujaribu. Kamwe usichanganye ya zamani na mapya kwenye sufuria moja. Mapya yatarojeka ukisubiri ya zamani. Nyumbani yahifadhi makavu, kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mbali na jiko.

Yakishakuwa saruji, dawa ni kuloweka kwa maji ya chumvi au baking soda kidogo, kisha presha.

Na maji yenyewe? Kama birika lako linajenga magamba meupe ndani na sabuni haitoi povu, maji yako yana kalsiamu nyingi, yaani unapikia kwenye maji ya misumari. Tumia maji ya mvua kuloweka na kupika, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Kupika kwenyewe

Maharage yaliyolowekwa, nusu kilo, yaweke kwenye sufuria nzito na maji mapya yanayoyazidi kwa vidole viwili vya kulala, lita moja na nusu hivi. Moto mkubwa mpaka yachemke. Engua povu la kwanza. Yaache yachemke kwa nguvu dakika 10 hadi 15. Hii haina mjadala, sababu nitaieleza. Kisha shusha moto mpaka uone viputo vichache tu vikipanda, funika, uache mwanya mdogo.

Soya njano mpya huiva kwa dakika 45 hadi 60. Mekundu makubwa na ya mistari saa moja hadi moja na nusu. Yasiyolowekwa, ongeza saa moja au zaidi. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Wapo wanaotia ya baridi makusudi, wanasema ni kuyashtua. Maji ya baridi yanalishusha joto la sufuria nzima, na kila dakika inayotumika kulipandisha tena ni gesi isiyopika kitu.

Kupima, chota punje tano kutoka sehemu tofauti, si moja. Moja itakudanganya. Ziponde kwa ulimi kwenye paa la mdomo. Zikisagika zote bila chembe katikati, yameiva. Kama nne ziko tayari na moja bado, yape dakika 15. Mchuzi nao unazungumza: ukianza kuwa mzito wenyewe, ukashika mgongo wa mwiko, wanga umeanza kutoka.

Ukiwa nyanda za juu, usijilaumu. Kila mita 300 za kupanda, maji huchemka chini kwa takriban nyuzi moja. Nairobi na Mbeya, zilizo karibu mita 1,700, maji hugota kwenye nyuzi 94 hivi. Njombe, iliyo juu zaidi, yanachemka chini kidogo ya hapo. Nyuzi sita zinasikika ndogo, lakini udongo wa haragwe unazihisi sana, na nusu saa ya ziada au zaidi ni jambo la kawaida. Kuongeza kuni hakusaidii.

Kinachosaidia ni presha. Sufuria ya presha ikifunga mvuke, maji yanapanda hadi karibu nyuzi 120, na pektini inalegea kwa kasi kubwa. Hapo ndipo joto linapoongezeka kwa kweli. Yaliyolowekwa yanahitaji dakika 15 hadi 20 tangu filimbi ya sufuria ianze kulia. Kwenye jiko la presha la umeme, ambalo presha yake ni ndogo kidogo, dakika 20 hadi 25. Yasiyolowekwa, 40 hadi 50. Usijaze zaidi ya nusu, kwa kuwa povu na maganda huziba njia ya mvuke, na hiyo ni hatari. Tia kijiko cha mafuta. Ukizima, acha presha ishuke yenyewe dakika 15. Ukiitoa kwa ghafla, maji yaliyo ndani ya punje yanachemka mara moja na kuipasua. Jiko la umeme la wati 1,000 halivuti umeme muda wote. Likishafikisha presha linawaka na kuzima. Nusu kilo kwa kawaida haifikii uniti moja.

Jiko la kikapu, lile la kufunika sufuria kwa mito au majani makavu, linafaa sana kwa maharage, kwa sababu kazi iliyobaki baada ya kuchemka ni kukaa kwenye joto tu. Lakini linadai sharti moja. Maharage mabichi, hasa mekundu makubwa, yana sumu iitwayo lektini. Punje nne au tano mbichi zinaweza kumtapisha mtu mzima na kumharisha ndani ya saa chache. Kuchemka kwenyewe, dakika 10 kamili, kunaiua. Joto la nyuzi 80 haliiui, tena linaweza kuizidisha mara kadhaa kuliko ilivyo kwenye punje mbichi. Kwa hiyo usiyatie kwenye kikapu, kwenye chupa ya chai, wala kwenye yale majiko ya umeme ya kupika polepole yanayotumiwa na ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani, kabla hayajachemka kwa nguvu. Kwa kikapu: chemsha dakika 20 hadi 30 na sufuria iwe karibu kujaa, fungia, usifungue saa 3 au 4, halafu yachemshe tena kabla ya kuunga.

Kuunga, kwa ufupi tu, maana kila nyumba ina mkono wake. Kaanga kitunguu hadi kiwe cha dhahabu, karoti na hoho, nyanya hadi mafuta yajitenge, ndipo maharage na maji yake. Kwa maharage ya nazi, tui jepesi litangulie, liache litokote pamoja na maharage yaliyokwisha kuiva; tui zito liingie mwisho kwa moto mdogo huku ukikoroga, bila kuliacha lichemke kwa nguvu lisije likakatika. Ndimu ikamuliwe mezani, kwenye sahani. Hapo asidi yake haizuii chochote, na vitamini C iliyomo inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye maharage, ambayo bila msaada huo huingia kidogo sana. Chai ya rangi isubiri saa moja baada ya chakula, kwani inayafunga madini hayohayo.

Kuchemsha kilo nzima kunakula mkaa au gesi zaidi kidogo tu ya kuchemsha nusu, kwa sababu muda ni uleule. Mwenye friji apike kilo, ayapoze upesi kwenye vyombo vipana visivyo na kina, yasikae nje zaidi ya saa mbili, kwa kuwa kwenye joto la pwani yaliyolala sufuriani huchacha kabla ya jua kuchomoza. Ndani ya friji, bila kugandishwa, yanakaa siku tatu au nne. Yaliyogandishwa pamoja na maji yake, kila chombo na mlo wake, yanakaa miezi. Bonge lililoganda likitumbukizwa kwenye vitunguu na nyanya zilizoiva, linataka dakika 10 au 15 tu za mwali mdogo.